Konokono Waliojua Jumatano

Kwa miaka ishirini na mitatu mtu wa kwanza kufungua mlango wa chumba cha konokono alikuwa Mzee Beseni, na kitu cha kwanza alichofanya baada ya kufungua kilikuwa kuvua viatu. Hakuna aliyemwagiza. Aliona tu si adabu kuingia na soli ngumu kwenye chumba ambacho wenyeji wake wote wanatembea kwa tumbo. Alivaa kandambili za mpira, akawasha taa moja kati ya mbili, akasimama mbele ya mabeseni kumi na mawili mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu anayesubiri wanafunzi wanyamaze. Wao walikuwa wamenyamaza tayari. Hilo ndilo lililomfanya awapende.

Aliingia kwenye taasisi ile kama karani wa stoo. Siku konokono wa kwanza walipoletwa ndani ya ndoo yenye mfuniko, hakuwapo mtu mwingine wa kuwapokea wala fomu nyingine ya kuwapokelea, akawaandika chini ya "vyombo vya kioo, vinavyovunjika": arobaini. Baada ya wiki tatu vile vyombo vikawa mia na kumi. Mkuu wa stoo alikuja juu, akataka kujua vyombo vya ziada vimetoka wapi na nani kaviidhinisha. Karani akajibu kwa upole kwamba vimezaana. Akaambiwa kama ni hivyo avichukue yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo hakurudi stoo.

Mabeseni yalikuwa ya bluu, yale ya kufulia nguo. Kila moja lilikuwa na maji ya kimo cha kiganja, mawe mawili ya kupandia, na konokono ishirini wa majini, wa kahawia, wenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Habari zao zote aliziandika kwenye daftari lenye mistari: joto la maji, uzito wa majani ya saladi, walioanguliwa, waliokufa. Safu ya mwisho ndiyo iliyomsumbua. Ilikuwa ya wale waliochukuliwa ghorofa ya pili kwenye meza ya Daktari, wasirudi. Mwanzoni aliandika "waliochinjwa", akaona ni ukatili. Akaandika "waliotumika", akaona ni dharau. Mwishowe aliandika "waliokwenda kazini", roho ikatulia. Ukurasa wa mwisho wa kila daftari aliuacha kwa mambo yasiyo na safu, kwa sababu alijijua: jambo lisipoandikwa lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Daktari alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na mara nyingi alikuwa akiitafuta ya tatu. Konokono aliwataka kwa sababu ya seli zao za neva. Seli za binadamu ni ndogo mno, zimesongamana. Za konokono yule ni kubwa, zina rangi ya machungwa, na ukizitazama kwa hadubini unaziona moja moja kama punje za dengu kwenye sahani. Mwaka wa kwanza alimwita Beseni aje atazame, akamweleza kazi yenyewe, maana hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza.

"Seli moja ikitaka kuongea na mwenzake haipigi kelele, Mzee Beseni. Inamwaga kemikali kidogo. Tuseme serotonini. Sasa ile serotonini haiingii ndani ya seli ya pili. Inafika mlangoni, inabonyeza kengele, basi."

"Haikaribishwi ndani?"

"Haikaribishwi. Lakini kengele ikilia, humo ndani anatengenezwa mjumbe mwingine kabisa, mdogo, asiyejuana na yule wa nje. Huyo ndiye anayekimbia huku na huku. Funga mlango ule! Fungua huu! Toa kalsiamu stoo! Seli nzima inabadilika tabia, na aliyebonyeza kengele hata hajaingia. Mimi nawahesabu hao wajumbe wa ndani."

Beseni alilirudisha jambo hili nyumbani kama lilivyo, akamweleza mkewe, Mama Mapacha, ambaye alikuwa kwenye cherehani na pini nne mdomoni. Mama Mapacha alishona sare za shule na hakuwa na muda wa konokono. Alizitoa pini moja moja.

"Huyo ni dada yako," alisema.

"Dada yangu vipi tena?"

"Wifi akifika anasimama getini. Hajaingia, hajasema kitu, anakohoa tu. Humu ndani mimi nafagia, wewe unaficha sahani chafu, watoto wanavaa mashati. Nani katutuma? Hakuna. Yeye yuko getini, anaangalia ukuta." Akazirudisha pini mdomoni. "Mwambie Daktari wako aje ahesabu hapa."

Beseni aliona mkewe amelielewa jambo kuliko wageni wengi waliopita pale kazini na vitambulisho shingoni.

Miaka ikaenda. Kisha, kiasi cha miaka kumi na moja iliyopita, kitu cha ajabu kikatokea kwenye meza ya Daktari. Siku zote alizofanya kazi, tone moja la serotonini lilizalisha wajumbe wa ndani wa idadi ile ile, ukiacha tofauti ndogo ndogo. Ila Jumatano. Jumatano tone lile lile, kwenye seli ile ile, saa ile ile, lilizalisha wajumbe kama mara mbili, pengine zaidi au pungufu kidogo. Daktari alibadilisha maji. Akabadilisha chupa, akabadilisha hadubini. Akaja Jumatano na gauni la Ijumaa, na Ijumaa na la Jumatano. Haikusaidia. Ilipofika Jumatano ya mia mbili alikubali yaishe, akaandika kwenye jarida la mbali kwamba konokono wa majini, kwa njia isiyojulikana bado, anajua Jumatano.

Barua zilimiminika. Mtaalamu mmoja aliuliza kwa adabu kama konokono akisafirishwa kwenda nchi ambayo bado ni Jumanne atafuata siku ya kule au ya nyumbani. Pale kwenye jengo habari hiyo ilizoeleka haraka. Mama Dekio, aliyedeki sakafu za ghorofa zote, akisahau siku alichungulia chumba cha konokono na kuuliza, "Wanasemaje?"

Hata Mkurugenzi aliwatambia wageni, mpaka siku alipotaka mashine kubwa ya fotokopi. Mashine ilikuwa kubwa mno kwa chumba cha fotokopi, na ng'ambo ya ukuta kulikuwa na mabeseni kumi na mawili. Ikaundwa Kamati ya Matumizi ya Vyumba. Kamati ikaandika barua: itakuja Jumatano ya tatu, saa tatu asubuhi, ijionee. Konokono wakionyesha kwamba wanajua Jumatano, chumba ni chao. Wasipoonyesha, ukuta unabomolewa, konokono mia mbili na arobaini wanapelekwa bwawani, na Mzee Beseni, mwenye miaka hamsini na tisa, anarudi stoo kwenye viti vibovu.

Beseni aliisoma barua akiwa amesimama. Bwawani kulikuwa na bata.

Hata hivyo hakuogopa sana. Jumatano zilikuwa hazijamwangusha mtu kwa miaka kumi na moja.

Jumatano ya kwanza Daktari alidondosha tone lake kama kawaida. Mashine ikatoa namba. Ilikuwa namba ya Jumatatu. Akadondosha jingine kwenye seli ya konokono mwingine. Jumatatu tena. Ilipofika saa sita alishuka hadi chini, miwani zote mbili kichwani.

"Mzee Beseni, wamesahau."

"Wamesahau nini, Daktari?"

"Siku!"

Walisimama wote wawili wakayatazama mabeseni. Konokono mmoja wa beseni la nne alikuwa akipanda jiwe.

"Umewaona wakiwa na mawazo?" Daktari aliuliza.

"Wako vile vile."

"Basi tutawakumbusha."

Ndiyo maana siku iliyofuata kalenda kubwa yenye picha ya maporomoko ya maji ilitundikwa ukutani, usawa wa mabeseni, karibu na sakafu, na Mzee Beseni akapewa kazi ya kutangaza siku kila asubuhi. Hakuona aibu, kazi ni kazi. Alivua viatu, akawasha taa moja, akakohoa. "Leo ni Alhamisi," aliwaambia. Kisha akaandika daftarini: *Wametangaziwa. Hawakujibu.*

Mama Dekio alimsikia kutoka koridoni. "Mzee, na tarehe usisahau. Wasije wakajua siku wakakosa mwezi."

"Wewe deki," Beseni alimjibu.

Jumatano ya pili konokono walitangaziwa mara tatu, na mara ya tatu kwa sauti. Ghorofa ya pili namba ikatoka ile ile ya Jumatatu. Daktari alikaa kwenye kigoda akakishika kichwa. Wiki moja ilikuwa imebaki.

Jioni ile Beseni alikaa sebuleni kwake, kwenye kiti chake kati ya cherehani na dirisha, akayafungua madaftari ya miaka kumi na moja kuanzia la kwanza. Hakuwa anatafuta kitu fulani. Alitaka tu kuwaona. Na pale, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la kwanza kati ya hayo, pale pa mambo yasiyo na safu, akakuta mstari alioandika kwa mkono wake: *Jumanne. Sabuni mpya. Wamekufa kumi na wanne.* Chini yake, wiki iliyofuata: *Jumanne. Wamepanda lifti. Jumatano. Wameshuka. Wazima wote.*



Alikumbuka kila kitu. Mwaka ule taasisi ilinunua sabuni kali ya sakafu, na siku ya ghorofa ya chini ilikuwa Jumanne saa nane mchana. Harufu yake iliua. Basi kila Jumanne kabla ya saa nane Beseni aliyapanga mabeseni kwenye kitoroli, akayapeleka stoo ndogo ya ghorofa ya tano yenye dirisha, na Jumatano saa moja asubuhi akayarudisha. Tatizo lilikuwa bango. Ndani ya lifti kulikuwa na bango jekundu: LIFTI HII NI YA WAFANYAKAZI NA WAGENI TU. WANYAMA, BAISKELI NA MAGODORO HAVIRUHUSIWI. Kwa hiyo aliyafunika mabeseni kwa kitambaa cha meza, na hakumwambia mtu. Alikuwa mtu wa kufuata mabango maisha yake yote isipokuwa hilo moja, na aibu yake ilikuwa imemtosha kila Jumanne kwa miaka kumi na moja.

Na lifti yenyewe ilikuwa na ugonjwa. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne ilishtuka, *ga!*, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Watu wazima walijishika ukutani. Majini, ndani ya mabeseni, konokono walikunjamana wote kwa pamoja ndani ya maganda, na huko ndani, bila shaka, serotonini yao wenyewe ilimwagika kila upande na kengele zikalia milango yote. Hiyo ilikuwa Jumanne. Kabla hawajapoa vizuri, Jumatano asubuhi wakashushwa. *Ga!* Saa tatu Daktari anadondosha tone kwenye seli ambayo nyumba nzima imekesha inafagia.

Na wiki mbili zilizopita lifti iliharibika kabisa. Beseni alipandisha mabeseni kwa ngazi, moja moja, kwa mikono yake, taratibu, magoti yakilia badala ya lifti, asije akamwaga hata tone.

"Hawajui Jumatano," alisema kwa sauti.

Mama Mapacha hakuinua kichwa. "Nani?"

"Konokono. Wanajua lifti."

Sauti ya cherehani ikakatika. Mama Mapacha alimtazama mumewe jinsi mtu anavyotazama mkono wa shati ulioshonwa upande usio wake. "Miaka kumi na moja yule mama anahangaika, na wewe ndiye unayewapandisha?"

"Sikujua."

"Umeandika!"

"Niliandika. Sikusoma."

Kulikuwa na tumaini moja, na lilimfanya asiseme kitu siku ya Alhamisi wala Ijumaa. Kwenye mlango wa lifti palikuwa na karatasi: fundi yuko kazini, lifti itafunguliwa Jumanne. Jumanne! Kamati ilikuwa Jumatano. Konokono wangepanda, wangeshtuka, wangeshuka, wangeshtuka, na saa tatu namba ingetoka mara mbili. Kamati ingeondoka, chumba kingebaki. Ukweli angemwambia Daktari polepole, siku nyingine, labda akistaafu.

Jumanne saa saba na nusu alikisukuma kitoroli hadi kwenye lifti, kitambaa juu. Fundi wa lifti alikuwa ndani, kijana mpana mwenye bisibisi sikioni, akifuta vidole vyake kwenye kitambaa na kujipongeza kwa macho.

"Shikamoo mzee. Ingia ingia, uwe wa kwanza."

"Marahaba. Imepona?"

"Utaniambia mwenyewe."

Milango ikafungwa. Ghorofa ya kwanza, ya pili. Ya tatu. Beseni alikishika kitoroli kwa mikono miwili. Ya nne. Ya tano. Milango ikafunguka.

"Umesikia kitu?" fundi aliuliza.

"Sijasikia."

"Ndiyo raha yake! Kulikuwa na reli imepinda pale juu ya tatu. Miaka watu wanarushwa kama magunia. Nimeinyoosha. Sasa unaweza kupanda na bakuli la supu." Akamwangalia mzee, akaona mdomo unatetemeka. "Vipi, mzee? Umefurahi hivyo?"

"Irudishe," Beseni alisema.

"Nirudishe nini?"

"Ule mshtuko. Irudishe kama ilivyokuwa. Kwa leo na kesho tu."

Fundi aliitoa bisibisi sikioni kana kwamba ndiyo iliyomzuia asisikie. "Mzee wangu, mimi nimeitengeneza. Nimesaini."

"Kidogo tu. Pale pale juu ya tatu."

"Watu huniita niondoe, hajaniita mtu niweke! Nikiweka, nitaandika nini kwenye ripoti? 'Nimeharibu vizuri'?" Halafu akaona kona ya kitambaa imeteleza, na chini yake konokono wawili wanamtazama kwa pembe zilizonyooka. Akainama. Akasoma bango. Akainama tena. "Na hawa? Ni wafanyakazi au wageni?"

"Ni wafanyakazi," Beseni alisema, na alimaanisha.

Fundi alikataa. Hakukataa kwa ubaya, alimshika mzee bega, akamsaidia kuweka mabeseni stoo, akaondoka na mkoba wake. Konokono wakakaa ghorofa ya tano wametulia tuli, wamepanda laini kama wakubwa wa serikali.

Nyumbani, kabla chai haijapoa, Beseni alimweleza mkewe mpango wa mwisho. Kesho saa moja, kabla watu hawajafika, atalichukua kila beseni alitikise mwenyewe. *Ga.* Mara moja, kwa kipimo. Anaujua mshtuko ule kama anavyoujua mlango wake.

"Tikisa basi," Mama Mapacha alisema. "Nani atajua?"

"Hakuna."

"Sasa mbona umekunja uso?"

"Nikitikisa, itabidi niandike kwamba nimetikisa."

"Usiandike."

Alijaribu kuiwaza siku hiyo bila mstari wake. Joto la maji, saladi, walioanguliwa, waliokufa, waliokwenda kazini, na chini, pale mwisho, pameachwa wazi. Koo likamkaba kweli kweli, akakohoa mpaka mkewe akampigapiga mgongoni.

"Haya, haya. Umeshajijibu," alimwambia. "Kesho vaa shati la kola. Usiende kufukuzwa na nyuzi zilizochomoka shingoni."

Kamati ilifika saa tatu kamili: wajumbe watatu, Mkurugenzi nyuma yao, na mbele Mkaguzi, bwana mdogo wa umbo mwenye kalamu tano mfukoni zilizopangwa kwa urefu. Daktari alidondosha tone. Mashine ikafikiri. Namba ikatoka, na kila mtu akaiona, kwa sababu Daktari alikuwa amebandika karatasi yenye namba ya Jumatatu hapo kando, kwa wino mwekundu, ili tofauti ionekane. Zilifanana mpaka desimali.

"Labda wameona aibu kwa wageni," Daktari alisema kwa sauti ndogo.

Mkurugenzi alikohoa kwa furaha.

Mkaguzi aliinua mkono. "Kabla hatujaandika lolote. Tuna uhakika leo ni Jumatano?"

Wote wakatoa simu. Ilikuwa Jumatano. Mjumbe mmoja aliyekuwa na shaka alihakikisha kwa mwenzake.

"Ni kosa langu," Mzee Beseni alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amekumbatia madaftari kumi na moja, yamemfika kidevuni. "Hawajawahi kujua Jumatano. Mimi nilikuwa nawapandisha lifti."

Alisema yote: sabuni, kumi na wanne waliokufa, kitambaa cha meza, bango, *ga*. Alipofika kwenye bango sauti ilimkatika, akalazimika kuanza upya. Daktari alikuwa ameganda, pipeti mkononi, tone limening'inia.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Nilivaa gauni la Ijumaa siku ya Jumatano."

"Ndiyo, Daktari."

"Nimeandikia watu! Nimemjibu yule bwana wa Jumanne ya nchi nyingine! Kwa nini hukuniambia?"

"Bango lilikataza. Lakini niliandika."

Mkurugenzi alisema basi, mambo yameisha, ukuta ubomolewe. Lakini Mkaguzi alikuwa amekwishachukua daftari la juu. Alikuwa mtu ambaye maishani mwake alikabidhiwa madaftari mengi, na yote yalikuwa na kurasa zilizochanwa, tarehe zilizorukwa na madoa ya chai. Hili halikuwa na hata alama ya kidole. Akafungua ukurasa wa mwisho, akakaa kwenye kigoda bila kuombwa.

"Hapa umeandika: 'Wamepanda. Mshtuko mmoja, wa wastani.' Na hapa: 'Miwili, wa pili mkubwa, Mama Dekio amedondosha ndoo.'" Akamgeukia Daktari. "Jumatano ya mwezi wa tatu, mwaka ule wa saba. Wajumbe wa ndani walikuwa wangapi?"

Daktari alitaka kukataa. Hasira ilikuwa bado inampanda. Lakini swali lilikuwa la namba, na akavuta faili lake bila kupenda, akasoma. Mara tatu. Siku ya mishtuko miwili ilikuwa mara tatu. Akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni. "Nisomee nyingine," alimwambia Beseni. Naye akamsomea nyingine. Kidogo, mara moja na nusu. Mdogo mno, badiliko dogo mno. Wakaendelea hivyo, yeye anasoma, Daktari anajibu, na kamati imesimama, mpaka ilipofika saa nne na nusu na Daktari akasema neno ambalo Beseni hakuwahi kulisikia kwake:

"Huu ndio utafiti. Ule mwingine ulikuwa kalenda."

Uamuzi wa kamati uliandikwa kwa kalamu ya tatu kwa urefu. Kwa kuwa matokeo yanategemea lifti, lifti ni kifaa cha maabara. Kwa kuwa kanuni zinakataza kifaa cha maabara kutenganishwa na maabara yake, chumba cha konokono hakitahama, maana lifti haiwezi kuhama. Kwa kuwa kifaa kimefanyiwa ukarabati bila idhini ya mtafiti, kirudishwe katika hali yake ya ubovu ndani ya siku saba. Na kwa kuwa uzito wowote wa ziada unabadilisha mshtuko, siku za majaribio lifti haitapandwa na mtu isipokuwa mtunzaji wa konokono.

Fundi alirudi na bisibisi yake akaikunja reli upya, Mzee Beseni akiwa pembeni anasikiliza. "Zaidi kidogo," alimwambia. "Ule ulikuwa na huzuni zaidi." Ilichukua siku mbili. Ripoti yake ilikuwa na sentensi moja na sahihi iliyoyumba.

Bango lilibadilishwa. Sasa lilisema: KIFAA CHA MAABARA. KONOKONO NA MTUNZAJI WAO TU. Baiskeli na magodoro havikutajwa tena, na watu wakaanza kubishana kama vimeruhusiwa.

Jumanne ya kwanza Mzee Beseni aliyapanga mabeseni kwenye kitoroli. Kitambaa cha meza alikikunja mara nne akakiacha kwenye rafu. Mkurugenzi, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tano, alitokea ghafla akaweka mkono kwenye mlango wa lifti.

"Mzee Beseni, nipe nafasi tu kwenye kona."

"Una kilo ngapi, Mkurugenzi?"

Mkurugenzi alizitaja, akapunguza kidogo.

"Samahani sana," Beseni alisema, na alikuwa ameumia kweli, maana hakuwahi kumnyima mkubwa kitu. "Utawaharibia."

Milango ikafungwa. Kupitia kioo chembamba cha mlango, kila ghorofa, aliona viatu vyeusi vikipanda ngazi, kila mara vikiwa vimechelewa zaidi. Juu ya tatu aliwaambia wenzake, "Jishikeni." *Ga!* Konokono mia mbili na arobaini wakajikunja. Ghorofa ya tano alisimama akawahesabu mpaka pembe ya mwisho ikatoka, na alipokuwa anatoa kalamu mfukoni, mlango wa ngazi ukafunguliwa na Mkurugenzi akatokea, amelowa jasho, mkono kiunoni, hawezi kusema neno.

Beseni alimsalimia kwa kichwa, akafungua ukurasa wa mwisho. *Jumanne. Wamepanda. Mshtuko mmoja, mzuri. Mkurugenzi naye amefika, kwa ngazi, ametanguliwa na konokono kwa dakika nne.*